Mgeni Njoo, Mkilifi Apone

Anayekwenda Kilifi kutoka kusini huuona mji kabla hajaufikia. Gari likishayapita mashamba ya mkonge ya Vipingo na njia panda ya Takaungu, maduka ya Mnarani yanakimbia kulia na kushoto, halafu nchi kavu inakatika ghafla na unajikuta juu ya daraja, maji yakiwa mbali chini yako. Kulia ni mlango wa bahari, mashua zimetia nanga. Kushoto mkono wa bahari unaingia ndani ya nchi, unapanuka, unapinda, unajificha nyuma ya mikoko. Ng'ambo, juu ya genge, ndio mji. Unabahatika kutazama kidogo tu, kisha dereva anakanyaga mafuta.

Daraja hilo ni la mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri, na wasafiri wa zamani wa Malindi na Lamu bado wanasimulia foleni zake kwa namna inayokufanya ushuku kwamba walizipenda. Mimi nilikuwa nimetoka Tanga kwa njia ya Horohoro na Lunga Lunga, nikavuka Likoni, nikabadilisha matatu Mombasa. Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo mwenye kapu la papa mkavu, na baada ya daraja akapaza sauti: "Utingo, nishushe pale mkilifini!" Gari likasimama. Pale mkilifini palikuwa na waendesha bodaboda, muuza mabuyu, na mti mkubwa uliowatia wote kivulini.

Mti wenyewe naujua tangu utoto. Kwetu ni mwarobaini. Wakenya wengi huandika muarubaini. Shina lake ni la kijivu na limepasukapasuka; jani lake ni refu, limepangwa vijani vidogo vyenye kingo za msumeno. Maua yake meupe yana harufu ya asali, na matunda yake yakiiva huwa ya manjano, mororo, yenye ukubwa wa zeituni. Ukame ukikaza sana hupukutisha, lakini si desturi yake. Mwaka mzima umevaa kijani, hata mwezi ambao mbuyu jirani umesimama uchi. Kutoka Tanga hadi Lamu miti ya kawaida kama huu ni michache, na labda ndiyo sababu hakuna anayeuandikia makala. Ila kuuita mkilifi, hilo ni la pwani ya Kenya, na ndilo lililonifanya nikae Kilifi muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sarufi yetu inalitumia neno hili mara mbili. Mkilifi ni mtu wa Kilifi, kama Mpemba alivyo wa Pemba. Mkilifi pia ni mti, kama mwembe na mkwaju. Katika umoja huwezi kuwatenganisha mpaka kitenzi kije; katika wingi kila mmoja anarudi kwao, watu wakawa Wakilifi na miti ikawa mikilifi. Ukimsikia mtu sokoni akisema "yule Mkilifi kakatwa tawi," ujue ama lugha yake ni ya kuokoteza ama kuna kesi polisi.

Sasa fikiria mimea mingine iliyobeba majina ya mahali. Pilipili manga ilipata jina kwa Manga, yaani Arabuni, hasa Omani, walikotoka Wamanga na majahazi yao. Komamanga nalo ni hivyo hivyo. Mshelisheli, ule mti wa tunda la kuchemsha na kukaanga linaloliwa kama muhogo, unaitaja Shelisheli. Majina hayo yote yanataja bandari mzigo ulikopakiwa. Mkilifi unataja mzigo ulikoshushwa. Kwa haki ya kawaida mti huu ungeitwa kwa jina la India, kwa kuwa asili yake ni Bara Hindi na Burma, na ulivuka bahari katika karne ya 19 pamoja na Wahindi waliokuja pwani hii kwa biashara na kazi. Lakini jina la muhindi lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mmea wa mahindi, ambao nao, kwa kichekesho cha historia, haukutoka India hata kidogo, ulitoka Amerika. Basi mgeni wa kweli kutoka India akakuta kiti chake kimekaliwa na mgeni wa uongo, na Kilifi wakamwambia: njoo, chukua letu.

Katika hilo mti si peke yake. Mji huu una tabia ya kupokea watu na kuwaacha wawe wenyeji bila kelele. Takaungu, kijiji cha nyumba za mawe kilicho kusini kidogo mwa daraja, kilipokea ukoo wa Mazrui baada ya Sultani Seyyid Said kuwapokonya Mombasa mwaka 1837, na mpaka leo jina lao halitenganiki na mahali hapo. Kule bara, Fuladoyo palikuwa kimbilio la watoro wa utumwani waliotoka mashamba ya pwani, yakiwemo ya hao hao wakubwa wa Takaungu. Huo nao ni upokeaji, wa upande wa pili. Siku hizi kuna Wazungu wa mashua waliofika kwa wiki moja wakasahau kuondoka, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kutoka kila kona ya Kenya, na vijana wa Nairobi wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa wamekaa chini ya makuti. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilifi hawakungoja methali ifafanuliwe. Wakapanda mgeni ambaye kazi yake ni kuponya.

Jina lake la pili, lile tunalolijua wote, nalo ni la kigeni lililopata uraia. Arobaini ni neno la Kiarabu, na mwarobaini ni mti wa arobaini: inasemwa unatibu maradhi arobaini. Ukitaka kuona watu wakifurahi, waombe wayataje. Nilimwomba mama mmoja anayeuza dawa za miti shamba karibu na soko la Kilifi. Akaanza kwa vidole, kwa uhakika kabisa: homa, tetekuwanga, surua, upele, minyoo, jino, kidonda kisichokauka, chawa. Vidole vikarudiwa. Akaingiza kideri cha kuku na kupe wa ng'ombe, nikakubali kwa sababu ng'ombe naye ni kiumbe. Kisha akataja husuda. Tulipofika hapo mteja akaja, na maradhi yaliyobaki yakaahirishwa.

Lakini mama yule hakuwa na haja ya kuyatimiza, wala nisingepaswa kumdai hesabu. Arobaini katika Kiswahili haijapata kuwa namba tupu. Mzazi hukaa ndani siku arobaini ndipo atoke na mwanawe. Marehemu husomewa hitima ya arobaini, na waliofiwa wakaruhusiwa kurudi katika maisha. Mwizi naye tumempa siku zake arobaini, na hakuna aliyekamatwa siku ya thelathini na nane akadai amebakisha mbili. Nyuma ya hapo kuna mvua ya gharika ya siku arobaini, Musa na usiku wake arobaini mlimani, na Mtume Muhammad aliyepewa utume akiwa na umri wa miaka arobaini. Arobaini ni kipimo cha jambo lililokamilika. Mwarobaini, basi, ni mti uliotimia, na anayehesabu maradhi kwa vidole anajifurahisha tu, kama mimi.

Wenyewe Wahindi huuita nim, kutoka nimba ya Kisanskriti. Wataalamu wa mimea wakaja na lao: Linnaeus aliuingiza vitabuni mwaka 1753 kwa jina la Melia azadirachta, na mwaka 1830 Adrien-Henri de Jussieu akaupa jina linalotumika leo, Azadirachta indica. Neno hilo refu linalotisha ni la Kiajemi lililovalishwa nguo za Kilatini: azad dirakht. Dirakht ni mti. Azad ni neno lile lile la azadi tunalolisikia kwenye filamu za Kihindi, yaani uhuru. Ila kwa Waajemi lilimaanisha pia mtu wa heshima, mtu wa nasaba. Kiswahili kina neno moja linalobeba maana zote mbili bila kumwaga tone: muungwana. Muungwana wa zamani alikuwa asiye mtumwa, na muungwana wa leo ni mwenye adabu. Mti muungwana, basi. Ukilipeleka jina hilo Fuladoyo utaona linakaa vizuri kuliko lilivyokaa maktaba.

Mwenye kuijua pwani atakuwa amekwisha kusema: hivi hauna ndugu hapa? Anao. Jioni moja nilikodi mtumbwi wenye mashine pale karibu na feri ya zamani, tukaingia ndani ya mkono wa bahari wakati maji yanajaa. Nahodha alikuwa kijana wa Mnarani, mwenye maneno machache na macho makali. Miezi ambayo ndege wekundu wala nyuki wanakuja, mamia yao hulala kwenye mikoko ya humo, na watu hukodi mashua kwenda tu kuwatazama wakitua. Sisi tulikuta vibarango na korongo. Akazima mashine, akasukuma mtumbwi kwa pondo mpaka kwenye ukingo wa matope, akanionyesha mti wenye mizizi ya utepe iliyojikunja juu ya tope na tunda la duara, kubwa, zito, linaloning'inia kwenye kitawi chembamba. Mkomafi. Katika ukoo wa mimea, mkomafi na mwarobaini ni wa familia moja, pamoja na mkangazi wa mbao nyekundu. Nilimwambia. Akafikiri, akachuma jani, akatafuna kidogo, akatema majini. "Kweli ndugu," akasema. "Wote wachungu."

Giza likaingia tukiwa bado humo. Katika maji ya Kilifi kuna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao wakiguswa usiku hutoa mwanga, na kila pondo liliposhuka maji yaliwaka rangi ya samawati hadi kiwiko cha nahodha. Yeye hakuwa akiangalia. Alikuwa anazungumza na simu kuhusu bei ya petroli.

Uchungu wenyewe nilitaka kuuona ukifanya kazi, nikapelekwa na rafiki kwa bibi yake, nyuma ya Kibaoni, nyumba ya udongo yenye paa la mabati na mkilifi uani. Mjukuu mmoja alikuwa na homa ya mafua, kijana mkubwa wa kupinga mambo, lakini kwa bibi hakuna anayepinga. Bibi alimtuma ashushe matawi. Alipoleta yenye majani mororo ya ncha akarudishwa: "Hayo ya mswaki. Niletee yaliyokomaa." Akakaa kwenye kigoda, akashika kila ujiti kwa ncha na kuupitisha kati ya vidole viwili kwa kwenda kinyume, majani yakapukutika sufuriani yote kwa mkupuo mmoja. Hakutazama mikono yake hata mara moja. Alikuwa ananisaili mimi, watu wa Tanga wanakula nini, na kama Wadigo wa upande wetu bado wanaoza binti zao upande huu. Sufuria ikafunikwa juu ya jiko la makaa mpaka mfuniko ukaanza kupiga kelele.

Kisha ikawekwa chini, kijana akakalishwa mbele yake, blanketi likafunika mtu na sufuria pamoja. Bibi akaingiza mkono ndani na kufunua mfuniko. Harufu ikatujia hata sisi tuliokuwa nje: ya majani mabichi, ya ukali, iliyokaa kooni zaidi kuliko puani. Kutoka chini ya blanketi kulisikika kukohoa, kulalamika, kukohoa tena. "Vuta," akasema bibi. "Mwanangu, si chai hiyo, huombwi maoni." Alipotoka alikuwa amelowa jasho na macho mekundu, na ukweli lazima usemwe, alipumua kwa pua zote mbili.

Juu ya kabati, kando ya Korani na chupa ya mafuta ya nazi, niliona pakiti ya vidonge vya malaria vya hospitali. Nikamwuliza bibi kufukiza ni kwa nini ikiwa vidonge vipo. Hakuona swali lilikuwa wapi. Homa ikija, alisema, mtoto anakwenda kupimwa kwanza. Kikionekana kidudu anapewa vidonge, kisipoonekana anafukizwa. "Sijamkosea mtu," akamaliza.

Eneo la Kilifi limezoea kupimwa kuliko maeneo mengi duniani. Tangu mwaka 1989 kumekuwa na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kando ya hospitali ya Kilifi, na kazi yake kubwa imekuwa malaria. Tangu mwaka 2000 watafiti wake wanafuatilia kuzaliwa, kufa na kuhama kwa zaidi ya watu 250,000 wanaoizunguka hospitali. Hodi ya mwenye daftari si jambo la ajabu. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa hapa miongoni mwa vituo 11 vya nchi saba za Afrika kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza rasmi Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023, ilijaribiwa Kilifi pia, pamoja na Bagamoyo kwetu na vituo vya Mali na Burkina Faso. Mji ulioupa mti wa homa jina lake ndio huo huo uliosaidia dunia kupata chanjo ya homa. Sijui kama kuna mji mwingine wenye haki ya kujisifu kwa pande zote mbili, na ajabu ni kwamba hawajisifu. Ukimwuliza dereva wa tuktuk akupeleke KEMRI, atakupeleka. Ukimwuliza wanafanya nini kule, atasema wanapima watoto.

Madaktari hawana ugomvi na mkilifi kwa kufukiza mafua. Ugomvi wao ni pale chungu cha majani kinapomchelewesha mtoto mwenye malaria kufika kwenye kipimo, au pale mtu anapomnywesha mtoto mchanga mafuta ya mbegu zake, kwa kuwa mafuta hayo yana sumu kwake. Bibi wa Kibaoni hilo alilijua. Mafuta, alisema, ni ya ngozi na ya mbuzi.

Palipo na sayansi isiyobishaniwa ni kwa wadudu. Mwaka 1959 nzige walipoivamia Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona wamekula kila kilicho kijani isipokuwa miarobaini. Walitua, wakaonja, wakaondoka. Mwaka 1968 Butterworth na Morgan, huko Uingereza, wakaitenga kemikali inayowafukuza, wakaiita azadirachtini, na hivyo yule muungwana wa Kiajemi akaingia hadi maabara. Molekuli yake ni tata mno kiasi kwamba kundi la Steven Ley wa Cambridge lilihitaji miaka 22 kuitengeneza kutoka mwanzo, wakamaliza mwaka 2007. Mkulima wa Kilifi anayetandika majani makavu kati ya mahindi yake ili fukusi wasiyaguse hana haja ya kungoja. Mama yangu aliyaweka kwenye sanduku la khanga, kwa ajili ya nondo.

Kulikuwa na kampuni moja ya Marekani na wizara ya kilimo ya nchi hiyo waliopewa hataza Ulaya mwaka 1994 kwa dawa ya ukungu iliyotengenezwa kwa mafuta ya mti huu. Wahindi wakauliza, hivi bibi zetu walikuwa wanafanya nini miaka yote hiyo? Mwanaharakati Vandana Shiva na wenzake wakafungua shauri. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Nilipolisimulia jambo hili barazani Takaungu, wazee walicheka zaidi kuliko nilivyotarajia. Mmoja wao, alhaji, akasema mti huo ameukuta hata Arafa, na watu wa mataifa yote wamekaa chini yake wakiomba. Ni kweli: katika uwanda ule usio na kivuli ilipandwa miti ipatayo 50,000 ya mwarobaini kwa ajili ya mahujaji. Alisema aliponyanyua macho na kuona majani yale akajihisi yuko nyuma ya nyumba yake. Hakuna hapo barazani aliyeitaja tena hataza ya mti.

Nisimsifu mgeni mpaka nikawasahau wenyeji. Kilifi ni nchi ya kaya, ile misitu ya Wamijikenda iliyohifadhiwa kwa miiko vizazi na vizazi: huingii bila ruhusa ya wazee, hukati tawi, viatu unavua. Kaya kadhaa, zikiwemo za Wakauma, Wagiriama, Wajibana na Warabai, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mkilifi hauna mwiko. Matunda yake matamu kwa ndege, popo na nyani, hondohondo anameza na kwenda kuketi juu ya mti wa msituni, na mbegu inaanguka pale ambapo hakuna binadamu angeipanda. Inaota haraka, inavumilia ukame, haina wadudu wengi wa kuila. Katika misitu ya pwani hiyo tayari umekwisha kuonekana ukiwanyima miti ya asili nafasi. Mlinzi mmoja wa magofu alinionyesha miche yake imejaa chini ya miti mikubwa kama kwamba imemwagwa kwa debe, na akanieleza anavyoing'oa kwa mkono baada ya kila mvua. Hakuwa na hasira nayo. Alisema mgeni akianza kulala kitanda cha mwenye nyumba, unamwamsha tu.

Hata hivyo ukali wake wa kuota umeokoa miti mingine. Wachongaji wa Malindi na Mombasa walikuwa wamekaribia kuumaliza mpingo na mhuhu, miti inayochukua miaka mingi mno kukua, ndipo wakageukia miti ya mashambani inayokua upesi, mwarobaini ukiwa mbele. Mbao zake ni za rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, zinashika msasa vizuri, na mchwa hawazipendi. Twiga wengi wanaosafiri kwenda Ulaya ndani ya masanduku ya watalii, mtalii akiamini amenunua mti wa porini, walikuwa wakiwapa kivuli kuku wa mtu huko Kilifi mwaka uliotangulia. Mimi naona hiyo ni biashara nzuri kwa pande zote, twiga akiwemo.

Wa kwenda Kilifi nina machache ya kumwambia. Ashukie Mnarani kabla ya daraja, apande kwenye magofu asubuhi, jua halijawa kali: misikiti ya mawe iliyochimbuliwa na James Kirkman miaka ya 1950, kaburi lenye mnara ulioupa mahali hapo jina, mbuyu mkubwa kuliko nyumba, na mkono wa bahari wote chini yake. Watu waliojenga pale waliuacha mji wao katika karne ya 17. Mti tunaouzungumza hawakuuona. Avuke daraja kwa miguu, kwa sababu kwa gari ni dhuluma. Ale mahamri na mbaazi popote palipo na moshi. Bofa kuna mchanga mweupe ambao bahari inapokupwa unatanda hadi unachoka kutembea, na wiki isiyo ya sikukuu unaweza kuwa wako peke yako na mbwa wawili. Takaungu aende Ijumaa.

Na akitaka mche wa kupanda kwao, kando ya barabara kuna wenye vitalu. Mimi nilisimama kwa mmoja nikasubiri zamu yangu. Mbele yangu alikuwa mtalii, akaambiwa ni "nim" na bei yake. Kisha familia iliyotoka bara, yenye gari la namba za Nairobi, ikaambiwa ni muarubaini, na bei ikashuka hadi nusu. Akaja mama wa jirani na mtoto mgongoni, akasema tu, "Nipe mkilifi mmoja," akatoa sarafu kutoka kwenye ncha ya leso na kuondoka na mche. Basi na mimi nikajipanga vizuri, nikasalimu kama wanavyosalimu, nikasema nataka mkilifi.

Kijana mwenye kitalu akaniangalia. "Kaka umetoka Tanga?"

Nikamwuliza amejuaje.

"Unavuta maneno," akasema. Nikalipa bei ya Nairobi.